Kila Wakija Wageni, Mama Mkwe Aliniambia Nikaange Pilipili

Mwanamume mwenye bastola kiunoni alitoka sebuleni kwetu akilia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, na aliyemliza ni mimi.

Sikumpiga. Sikumtukana. Nilikaanga pilipili tu.

Msicheke kwanza. Kampala ya miaka ile ya sabini hukumliza mtu wa bastola na miwani myeusi ukabaki salama. Watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo.

Ngoja niwaeleze toka mwanzo. Nina wajukuu sasa, mmoja ndiye aliyenifundisha kuandika humu, lakini hasira ya mwaka ule bado ninayo.

Naitwa Kaltumi. Mnubi wa Bombo. Niliolewa Kibuli, chini kidogo ya msikiti, na Asuman, dereva wa lori jeshini.

Enzi hizo kupata mume wa jeshi ilikuwa bahati. Sukari hakuna, chumvi hakuna, sabuni unaisikia kwa majirani. Lakini mke wa mwanajeshi hakosi. Wenzangu Bombo walinionea wivu mpaka wengine hawakuja harusini.

Hakuna aliyenionya kuhusu mama mkwe.

Tulimwita Mama Aminah, kwa jina la binti yake mkubwa. Huyo Aminah sikuwa nimewahi kumwona. Aliolewa na Mwacholi aitwaye Otim, naye Otim alikuwa askari. Wacholi walipoanza kusakwa kambini, Otim na mkewe wakahamia Kenya. Ndivyo nilivyoambiwa, na katika nyumba ile jina la Otim halikutajwa mbele ya mgeni.

Mama alikuwa mwembamba, mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Siku ya kwanza tu aliniketisha jikoni akaniambia kwamba katika ukoo wake mke wa mwana hapewi jiko lake mpaka pilipili yake ikubaliwe. Ikishindikana, anarudishwa kwao akafundishwe upya.

Nikacheka kimoyomoyo. Pilipili? Mimi nimekulia kwenye kinu.

Nikachukua kamulali, zile pilipili ndogo nyekundu zinazochoma mpaka masikio. Nikazianika juani kwenye ungo. Nikazikaanga kwenye chuma kikavu juu ya sigiri, lile jiko la makaa, nikatwanga na simsim, kitunguu saumu na chumvi, nikamalizia kwa ndimu. Nikaijaza kwenye chupa ya kahawa iliyooshwa vizuri. Harufu yake tu ilikuwa inaita ugali.

Mama akachovya ncha ya kidole. Akalamba. Akatazama juu kana kwamba anasubiri mvua.

"Bado," akasema.

Akaichukua chupa, akasema anakwenda kuimwaga.

Kumwaga? Chumvi ile inatafutwa kwa magendo, halafu unaimwaga? Nikameza mate na hasira pamoja. Nikatengeneza nyingine.

"Bado."

Nikapunguza simsim. Bado. Nikaongeza ndimu. Bado. Nikaomba anionyeshe yeye anavyofanya, akasema pilipili haifundishwi, inatafutwa. Jamani, nilichoka mwili na roho.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni habari ya wageni.

Asuman alipenda kuja na marafiki zake kunywa chai. Mkubwa wao alikuwa Zubairi, bwana mmoja wa shati la maua na miwani myeusi, anayefanya kazi kwenye ofisi ambayo hukuuliza jina lake. Zubairi akiingia mtaani, hata kuku walionekana kutembea kwa adabu.

Basi kila Zubairi akikaa tu sebuleni, Mama ananijia jikoni. "Kaltumi, kaanga."

Sasa hivi, Mama? Na wageni wapo?

Sasa hivi. Anadai wageni huja na macho yao, na moshi wa pilipili unafukuza jicho baya. Na dirisha la sebule linatazama ua, na sigiri haikai kwingine ila pale uani, mbele ya stoo.

Nyumba za watu mgeni anafukiziwa udi. Kwetu alifukiziwa pilipili.

Moshi unapanda, unaingia dirishani, sebule nzima inakohoa. Asuman anakohoa, wageni wanakohoa, Mama mwenyewe anakohoa kuliko wote. Mimi nimesimama na mwiko, machozi yananitoka, na aibu juu yake. Mtaani wakaanza kuniita bibi wa moshi.

Na ile stoo nayo ilikuwa inaniudhi. Ilikuwa imefungwa saa zote, ufunguo Mama ameufunga kwenye pindo la leso yake. Nilijua ameficha sukari. Kila nyumba ilificha sukari siku hizo, lakini kumficha hata mke wa mwanao?

Wakati mwingine nilisikia kikohozi upande ule. Nikamuuliza Mama, akasema ni mbuzi wa jirani, ana ugonjwa wa kifua. Nikakubali. Mbuzi hukohoa kweli, waliofuga wanajua.

Asuman uvumilivu ukamwisha. Asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, aliniambia kwamba Zubairi anakuja leo, na nikimtia moshi tena, jioni nitalala Bombo. Hakupaza sauti. Asuman akiwa na hasira kweli huwa hapazi sauti.

Nikamwambia ni mama yake anayeniagiza. Akajibu kwamba mama yake ni mzee, mwenye akili timamu nilipaswa kuwa mimi.

Hebu niambieni. Nikikaanga, mume ananirudisha. Nisipokaanga, mkwe ananirudisha. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kabla ya pilipili yoyote.

Zubairi akaja, na mwenzake mmoja. Mama naye huyo, jikoni.

"Kaltumi, kaanga."

"Sikaangi, Mama."

Sikuwa nimewahi kumjibu mkwe hivyo, wala sikujua kama ninaweza. Nilitegemea kofi. Badala yake nikaona uso wake umebadilika. Alikuwa anaogopa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikajisemea, leo nimekupata.

Akafungua mdomo kusema kitu, lakini Asuman akamwita kutoka ndani. Zubairi anataka kumwamkia mama wa rafiki yake. Huwezi kumkatalia Zubairi. Mama akaenda, akigeuka nyuma kunitazama mara mbili.

Makaa kwenye sigiri yalikuwa mekundu, nimeyawasha kwa ajili ya chai. Ungo wa kamulali uko pembeni. Nimekunja mikono.

Hapo ndipo mbuzi alipokohoa.

Alikohoa kwa nguvu, kikohozi kinachotoka chini kabisa ya kifua. Sebuleni maongezi yakakatika.

"Nani nakohoa huko nyuma?" Ilikuwa sauti ya Zubairi.

Nikamsikia Mama akijibu taratibu kabisa. "Mbuzi ya jirani, mwanangu."

"Mbuzi gani nakohoa kama mutu?"

Mbuzi akakohoa tena, na safari hii, baada ya kukohoa, akasafisha koo na kutema mate.

Ndugu zangu, mbuzi hasafishi koo.

Nikautazama mlango wa stoo. Mle ndani hakukuwa na sukari. Kulikuwa na mtu, amefichwa na mama mkwe wangu, hatua chache kutoka kwenye mwiko wangu.

Kiti kikasogezwa sebuleni. Zubairi anainuka.

Nikainua macho, nikamwona Mama dirishani, nyuma ya bega la Zubairi. Hakuniambia kaanga. Alinitazama tu.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Sikujua aliyemo ni nani. Nilijua tu kwamba mlango ule ukifunguliwa, nyumba nzima imekwisha, na mimi nimo.

Nikainua ungo wote nikaumimina kwenye makaa.

Si kwenye chuma. Kwenye makaa yenyewe. Kamulali zote nilizoanika wiki nzima.

Moshi ulipanda mweupe, mzito. Ulimkuta Zubairi mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja uani. Alikohoa mpaka miwani ikadondoka. Mwenzake akagonga ukuta. Asuman akatoka ameinama, jirani ng'ambo ya ua akaanza kukohoa, kuku wakaruka. Katika vikohozi vile vyote, cha stoo kilipotea kabisa.

Zubairi aliitoa bastola, asijue amlenge nani, maana hakuona kitu. Machozi yanamchuruzika kwenye shati la maua.

"Wewe bibi," akasema, "nataka kuua sisi na piripiri?"

Mama akatokea nyuma yake, anakohoa, anatukana. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Alisema mimi ni mzigo, alisema Bombo wamemuuzia mbuzi kwenye gunia, alisema tangu Ramadhani ananifundisha kukaanga na bado namwaga pilipili motoni kama mwendawazimu. Alinipiga kwa leso mbele yao.

Zubairi akajifuta macho kwa mkono uleule alioshika kitasa chenye vumbi la pilipili. Akalia upya. Mwenzake akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa, kwa sababu Zubairi naye alicheka mwishoni, kwa hasira.

Akairudisha bastola. "Asuman, rudisha hii bibi kwao," akasema, wakaondoka.

Asuman hakungoja. Akaingia chumbani, akatupa sanduku langu kitandani, akaanza kusokomeza nguo zangu. Nilisimama pale nikiona ndoa yangu inakunjwa vibaya, hata gauni la harusi halikukunjwa sawasawa.

Mama akaja akasimama mlangoni. Alikuwa amemaliza kukohoa.

"Haendi," akasema.

Asuman akamkumbusha kwamba dakika chache zilizopita aliniita mzigo.

"Haendi popote. Bado hajajua pilipili."

Akachukua nguo moja sandukuni, akaitundika. Asuman alimtazama mamaye, akanitazama mimi, akachukua kofia yake akaenda kazini.

Lori lilipopita kona, Mama alifungua pindo la leso.

Ndani ya stoo, juu ya magunia matupu, alikaa mwanamume mrefu aliyebaki mifupa, amejifunika blanketi, macho mekundu kama kamulali. Ni Otim. Hakuwahi kufika Kenya. Aminah alitangulia na watoto, yeye akabaki kusubiri njia, kifua kikamkamata. Mama akamficha mahali ambapo hakuna ambaye angekuja kumtafuta, nyumbani kwa dereva wa jeshi.

Otim alinishika mkono kwa mikono miwili. "Shemeji, asante," akasema. "Lakini pilipili yako itaniua kabla yao."

Nikamuuliza Mama kama Asuman anajua. Akatikisa kichwa. Asuman ni mwanawe, akasema, lakini mdomo wake ni wa jeshi.

Na mimi? Kwa nini hakuniambia?

"Usingelia vizuri," akasema. "Zubairi anajua machozi ya uongo."

Wanasema kikohozi hakifichiki. Yeye alikuwa amekaa akifikiri, akaona kinafichika, ukikiweka kati ya vikohozi vingine.

Mzigo ukanitoka kifuani. Miezi yote ile ya bado, bado, bado. Nikamwambia, kwa hiyo pilipili yangu haikuwa na kosa lolote.

Mama akafunga tena stoo.

"Ilikuwa na kosa," akasema. "Chumvi inazidi."

Nilitamani kumrushia kinu.

Kifua cha Otim kilipotulia, aliondoka mchana kweupe, amevaa kanzu na kofia, kwenye lori la watu wa msiba waliokwenda Tororo. Akavuka mpaka kuingia Kenya. Asuman alijua baada ya serikali kuanguka, tukiwa tunakimbia na sisi kwenda Arua, zamu yetu ya kusakwa ilipofika.

Jiko langu nilipewa. Mama hakusema kwa nini. Na pilipili aliendelea kuilamba na kutazama juu, mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, tukiwa tumesharudi Bombo.

Kwenye matanga ndipo nilipokaa na Aminah kwa muda mrefu. Nikamsimulia nilivyoteseka, chupa baada ya chupa zikimwagwa.

Aminah akashangaa. "Zimwagwe wapi?"

Akaniambia kwamba kule Kisumu, kila wafanyabiashara wa magendo walipovuka, walimletea chupa ya kahawa imefungwa kwa kitambaa. Pilipili. Na kila mara ujumbe wa mdomo kutoka kwa mamaye ulikuwa mmoja.

"Imetengenezwa na binti yangu mwingine. Hakuna mwenye mkono kama wake."

Nililia pale matangani kuliko nilivyolia mazikoni. Nililia kwa huzuni, nikalia kwa hasira pia, maana angeniambia mimi ingempunguzia nini?

Msingoje mfe ndipo watu wenu waambiwe na wengine kwamba walipendwa. Kama chakula cha mtu ni kitamu, mwambie akiwa bado ameshika mwiko.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakumjua mama mkwe wangu. Yeye alivificha vyote viwili, na kwa pilipili yangu mwenyewe.