Filimbi ya Mjomba Sefu

Mpaka leo nikisikia mtu anapuliza jiko la mkaa, fuu, fuu, midomo inaniwasha kwa hasira. Yote ni kwa sababu ya Mjomba Sefu, Mungu amrehemu.

Mjomba alirudi kwetu Temeke kutoka vita vya Burma akiwa hana meno ya mbele. Mkononi alikuwa na filimbi ya mwanzi aliyopewa na Mjapani mmoja, mateka aliyekuwa chini ya ulinzi wake. Alitamani sana kuisikia tena, lakini kwa pengo lile asingeweza kupuliza. Basi akanichagua mimi, binti wa miaka tisa, eti nina midomo mizuri. Kaka yangu hakuwa na midomo?

Kila alasiri nikitoka chuo cha Kurani, wenzangu wakiruka kamba, mimi nilikalishwa barazani na mwanzi ule unaonuka mafuta ya nazi. Ncha yake ilikatwa mshazari, nawe ulitakiwa upulize pale ukingoni tu. Nilipuliza mpaka kizunguzungu kikanishika. Hewa tupu! Mama Hija, jirani yetu, akipita hunitania, "Bado tu moto haujawaka?" Mjomba naye kafumba macho: "Unakaribia, mwanangu. Tena." Miezi mitatu nakaribia tu! Nilikereka hadi machozi.

Siku moja Mjomba alipokwenda sokoni, nikaipeleka kwa Mzee Kondo, mpiga zumari wa maharusi. Akaigeuzageuza, akacheka. "Aliyeikata hii alikuwa kalewa." Akachukua msumeno, akainyoosha ile ncha, akatia ulimi wa jani la mvumo kama wa zumari yake. Ikalia, mtaa mzima ukageuka! Nikakimbia nayo nyumbani, nikampigia Mjomba kwa majivuno yote.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaipokea, akapapasa pale palipokuwa na mshazari. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaichomeka kwenye makuti ya paa. Hakuniita tena barazani, nami, mjinga mimi, nikashukuru na kurudi kwenye kamba yangu.

Mjomba alikuwa keshazikwa zamani nilipomsikia mgeni wa Kijapani akipiga filimbi kama ile kwenye ukumbi mmoja mjini. Nusu yake ilikuwa hewa: fuu ndefu, sauti ikachomoza taratibu ndani yake, kisha hewa tena. Pumzi zile nilizijua. Zilikuwa zangu, za barazani.

Kumbe Mjomba hakuwa akinibembeleza. Nilikuwa nimekaribia kweli, na nikaenda kuikata.