Kimeli cha Saruji na Pilau ya Mdogo Wangu

Nilimwambia mlinzi wa geti la bandari: mimi siondoki. Mkononi nilikuwa na hotipoti ya pilau na kopo la achari ya ndimu. Ndani ya uzio alikuwamo mdogo wangu, mpishi wa kimeli kinacholeta saruji Sydney. Hatukuwa tumeonana tangu tumzike mama. Mlinzi akarudia kwamba mabaharia hawa hawana ruhusa ya kushuka, na chakula cha nje hakiingii melini. Makubwa! Nimekosa nini mimi, kupika?

Wiki nzima nilikuwa nakifuatilia kile kimeli kwenye simu. Kikapanda kutoka Tasmania, kikaambiwa kisubiri nje ya bandari, kikatia nanga, mimi huku Mount Druitt, pembeni ya jiji, nabadilishana zamu na wenzangu wa kazi kwenye nyumba ya wazee hadi wakanichoka. Kilipoingia, kikapewa siku moja tu ya kushusha mzigo na kuondoka.

"Mama, twende nyumbani," binti yangu, niliyekuja naye hapo getini, akanisihi kwa Kiingereza chake.

"Thubutu!"

Meli zote zinazotoka gati lile hupita mahali pembamba, na kando yake kuna bustani. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe: mkiondoka, simama nyuma ya meli, upande wa kushoto. Tukazunguka hadi huko, tukakaa kwenye nyasi katikati ya watu na mbwa wao wa bei mbaya.

Alasiri kimeli kikatokea, ubavu umejaa kutu. Nyuma kasimama mtu mwenye aproni nyeupe. Nikavua mtandio, nikaupunga, nikapiga vigelegele vya kumpokea bwana harusi. Bibi mmoja akaja kuniambia hapa ni mahali pa utulivu. Nikamwambia patatulia kesho, nikaendelea.

Sauti ikavuka maji. "Dadaaa! Umenenepa!"

"Na wewe umezeeka!"

Akacheka, nikayaona meno yake, yale yale. Kimeli kikaanza kukata kona. Binti yangu, aliyekuwa anaficha uso kwa aibu, akapanda juu ya benchi akapiga kigelegele chake cha kwanza, kibovu kweli kweli, na mjomba wake akavua aproni akaipunga mpaka hatukumwona tena.

Asije mtu akaniambia hatukuonana. Pilau tuliila palepale, kwa mkono, na fungu lake nikalimaliza mwenyewe huku nalia.