Foleni ya Mawe, Kariobangi

Mwaka wa 1994, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nilianza kukohoa. Sitazunguka: ilikuwa TB. Nilikuwa nauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kariobangi, sina mume, nina watoto watatu na chumba kimoja ambacho mvua iliingia bila hodi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo anayetaka maneno matamu aende kwa waliosoma.

Siku hizo ukikohoa sokoni, wateja walihama meza. Walisema TB ni jina la heshima la ule ugonjwa mwingine. Basi tuliougua tulijificha. Kulikuwa na zahanati ndogo ambako dawa zilikuwa za bure, miezi minane, kila asubuhi unameza mbele ya sista. Lakini pale hakuna aliyesimama kwenye foleni. Uliweka jiwe lako kando ya ukuta, ukaenda kujibanza nyuma ya gereji au kwenye kibanda cha chai, kama mtu mwenye shughuli zake. Ukiona jiwe lililotangulia lako limesogezwa pembeni, zamu yako imefika, unaingia upesi kama mwizi. Langu lilikuwa kipande cha tofali, upande mmoja buluu.

Nilikuwa nimemaliza miezi mitatu ya dawa sista alipotupa habari. Pesa za dawa zilitoka kwa serikali moja ya Ulaya, na serikali hiyo ilitaka kupunguza misaada kwa nchi za nje. Kuna wananchi wake waliokataa. Waliandika barua, wakagombana na wabunge wao, mpaka wabunge watatu wakatumwa waje wajionee. Zahanati yenye kazi ingebaki na pesa zake. Isiyo na kazi ingefutwa.

Mimi nilikuwa na miezi mitano mbele yangu. Sista hakunificha: ukikatiza dawa njiani, ugonjwa unarudi na nguvu, na zile dawa haziusumbui tena. Watoto wangu watatu wangelelewa na nani?

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa karani mstaafu, mzee wa tai hata siku ya joto. Akaitisha mkutano. "Hawa ni waheshimiwa," akasema. "Wakikuta uchafu hapa tumekwisha." Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Kuta zikapakwa chokaa, viti vikakodiwa, kuku wakachinjwa. Wagonjwa tukaambiwa na sista, chinichini, siku hiyo tumeze dawa mapema, kisha tukae mbali tusije tukawakoholea wageni. Mimi nilipewa ufagio na birika la chai, kwa sababu mikono yangu inajulikana kwa kazi, na mwenyekiti hakujua kwamba nami ni mgonjwa. Nilifagia kando ya ukuta mzima, nikapakia mawe yote kwenye wilbaro, nikayasukuma nyuma ya choo. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Wageni walifika saa nne asubuhi, wanaume wawili na mama mmoja mrefu mwenye daftari. Walikula kuku. Waliangalia kuta nyeupe. Yule mama akauliza kitu, sista akatafsiri: "Anauliza wagonjwa wako wapi."

Mwenyekiti akacheka. "Mheshimiwa, watu wa hapa wana afya!"

Mama akaandika. Sista akanifuata nilipokuwa namimina chai, akaninong'oneza, "Mama, anaandika kwamba hapa hakuna kazi."

"Si umwambie wagonjwa wapo?"

"Nimemwambia. Anasema haoni mtu."

"Atawaona vipi, na nimewafagia?"

Niliweka birika chini. Nikaenda nyuma ya choo, nikarudi na wilbaro, nikaanza kuyapanga yale mawe kando ya ukuta, moja baada ya jingine, nikichafua chokaa yao.

"Wewe mama samaki!" mwenyekiti akafoka. "Unatuaibisha! Rudisha takataka hiyo!"

"Mzee, kula kuku wako."

Nusu ya soko ilikuwa imekuja kutazama wageni. Wateja wangu walikuwa pale, na jirani yangu muuza nyanya, aliyekuwa amehamisha meza yake mbali na yangu mwezi uliopita. Nikawaza, nikisimama hapa, omena zangu nitazila mwenyewe. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya soko, "Mimi nina TB! Hili ni jiwe langu, na ndilo foleni yangu. Sista, mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Kisha fundi wa kuchomelea akatoka gereji, mtu mkubwa kama lango. "Usijifanye uko peke yako, mama," akasema. "Nimekuwa nyuma yako tangu Pasaka." Akasimama kwa jiwe lake. Akaja mwalimu wa nasari. Akaja askari wa usiku, na kofia yake. Wakaja wengine ambao sikuwadhania hata kidogo. Mwisho nikamwona jirani wa nyanya anakuja, kichwa chini.

"Usiniangalie," akasema.

"Nakuangalia sana! Si ulihamisha meza kwa sababu nakohoa?"

"Nilihamisha usinisikie mimi nikikohoa."

Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akakohoa, na foleni nzima ikatufuata. Yule mama mrefu aliweka sahani chini, akatembea jiwe kwa jiwe mpaka kwenye kona. Aliporudi aliomba tofali langu, aende nalo bungeni kwao.

"Mwambie hiyo ni nafasi yangu," nikamjibu sista. "Akienda nayo, kesho nitashikiwa nafasi na nini?"

Fundi akanisukuma begani. "Mpe, bwana. Kesho simama mwenyewe, tushakuona."

Nikampa. Kesho yake tulipanga foleni kwa miguu, tukipiga hadithi.

Barua ilikuja kabla ya dawa zilizokuwepo kwisha. Sista alitusomea uani. Tofali lilikuwa limewekwa mezani bungeni kwao, likapita mkono kwa mkono. Misaada mingine walikata. Pesa za dawa zetu hawakugusa. Tulipiga vigelegele mpaka gereji ikafunga kazi. Mwenyekiti alitangaza kwamba ni kuku wake waliofanya kazi hiyo. Nilimwacha na kuku wake.

Wateja walinikimbia, ndiyo, wiki tatu. Kisha walirudi, kwa sababu hakuna aliyejaza mkebe wa kupimia kama mimi. Miezi minane niliimaliza yote.

Leo nina nyumba ya kupangisha Kayole, ghorofa tatu, vyumba kumi na vinane. Maduka mawili ya samaki, moja Kariobangi na jingine Shauri Moyo. Friza nne. Pikapu moja, kuukuu lakini inawaka. Ng'ombe wawili kwetu magharibi. Watoto watatu, wote walimaliza shule. Mapafu mawili. Tofali sina. Liko Ulaya, na sijaomba lirudishwe.