Mngurumo Chini ya Sauti ya Pili

Mwaka ule nyumbani kwetu wagonjwa walikuwa wawili, mimi na kompyuta, na iliyohudumiwa zaidi ni kompyuta.

Mimi nilikuwa na goita. Ilikaa shingoni kwangu miaka mingi kwa adabu, haisumbui, kisha ikaanza kukua. Daktari, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, alinipapasa, akatazama picha, akasema itolewe. Hakuzunguka. Aliniambia mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita pale pale ilipokaa ile goita, kwa hiyo baada ya upasuaji sauti yangu inaweza kurudi ilivyokuwa, inaweza kubadilika, na inaweza isirudi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza vitambaa sokoni Mkuyuni, ila mimi hasa ni mwimbaji. Akanipangia tarehe.

Mume wangu ndiye mwalimu wa kwaya yetu, na hata mimi mkewe namwita Mwalimu, maana alinifundisha kuimba kabla hajanioa. Anatunga, anaandika do re mi zake kwenye karatasi, lakini wanawake wa sauti ya pili hawasomi karatasi. Wanaichukua kutoka kwangu. Wanasimama wamenibana, kila mmoja ananitegea sikio, na wimbo ukiisha mara tatu nne wanakuwa wameushika. Sauti ya pili haina sifa. Watu wakitoka kanisani wanaondoka na sauti ya kwanza midomoni. Ya pili ukiiimba peke yako jikoni, mtu atadhani unalalamika. Lakini iondoe kwenye wimbo uone kinachobaki.

Ndipo Mwalimu akaamua anirekodi peke yangu, wimbo mmoja baada ya mwingine, wenzangu wagawiwe kwenye simu zao wajifunzie. "Tufanye kabla hawajakushika shingo," alisema. Kuhusu upasuaji wenyewe hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoisikia kwake kwa muda mrefu.

Tulitumia chumba cha binti yetu aliyeolewa. Kompyuta ilikuwa ile ya mezani, yenye kasha la chuma, na maiki nzuri tuliyonunua mjini. Mwalimu akavaa hedifoni, akaninyooshea kidole, nikaimba ubeti mmoja. Akaurudia kuusikiliza, akakunja uso. Akanivisha mimi. Chini ya sauti yangu kulikuwa na mngurumo, mmmmm, haupandi wala haushuki, kama jirani anasaga mahindi nyuma ya ukuta. Nikinyamaza, wenyewe unaendelea.

Kwanza lawama ilikwenda kwa friji. Mwalimu aliizima, akasahau kuiwasha, na sato niliokuwa nimewatoa soko la samaki la Mwaloni wakaharibika. Mngurumo haukuondoka. Ikafuata feni, kisha simu zote zikapelekwa sebuleni, kisha akabadilisha waya wa maiki, akabadilisha na ule wa kompyuta. Akatundika blanketi dirishani, tukawa tunatokwa jasho mle ndani huku jua la saa nane limelichoma bati juu yetu. Kila alipobadilisha kitu alisema, "Imba tena, mama." Nami nikaimba tena. Nilichoka hadi wimbo wa Pasaka ukawa unanitia kichefuchefu.

Na kana kwamba mngurumo hautoshi, vilikuja vingine. Korongo wa dampo wana tabia ya kutua kwenye bati letu, na wakitua wanatembea polepole kama wazee wa baraza, ko, ko, ko, katikati ya ubeti. Mwalimu alitoka na ufagio mara nyingi. Alirudi anahema, anakaa, anasema, "Tena."

Sitasema uongo: kuna sehemu yangu iliyokuwa inaupenda ule mngurumo. Tarehe ya hospitali ilipofika, nilimwambia daktari hatujamaliza kurekodi, nikaomba anisogezee mbele. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akauliza, "Unapumua vizuri?" Nikasema vizuri sana. Akanisogezea, akaniambia nisifanye hivyo mara ya pili. Nilitoka pale mwepesi kama mtoto aliyeahirishiwa mtihani. Nilikuwa naogopa, basi. Nimeimba tangu sijaota meno ya ukubwa, na sikujua mtu asiye na sauti anaamka asubuhi afanye nini.

Siku moja Mwalimu aligundua jambo kwa bahati. Alikuwa peku, akaegemeza mkono kwenye kasha la kompyuta, akaruka. "Linatekenya!" Nikagusa na mimi, kweli, umeme mdogo unatembea vidoleni kama sisimizi. Lakini alipolishika lile kasha kwa kiganja kizima, miguu ikiwa sakafuni, mngurumo ulipungua. Akaachia, ukarudi. Tukajaribu kurekodi hivyo, yeye ameshika kasha kwa mkono wa kushoto, ananiimbisha kwa wa kulia. Ila Mwalimu bila mikono miwili si mwalimu. Akifika kwenye kiitikio anasahau, mikono yote juu, na mngurumo unaingia kama mwanakwaya mwingine. Nikacheka mpaka nikakohoa, na kikohozi kikakataa kuisha. Alinitazama. Nikamwambia ni vumbi la blanketi.

Alishaelewa kwamba shida ni umeme wa nyumba. Fundi aliyetandaza nyaya alihamia Geita na simu yake haikupatikana. Mwingine alikuja, akafungua soketi, akazifunga, akasema ziko sawa. Mwalimu akabaki anazunguka nyumba, mikono nyuma, anazitazama kuta kana kwamba zitaungama.

Wakati huo wifi yangu, dada yake Mwalimu, alikuwa kwetu. Alitoka Majita alipopata habari za goita, akaninyang'anya ufagio, sufuria na beseni, akaniambia nikae. Mimi na yeye ni watani tangu siku ya posa. Kazi anaijua, ila hawezi kuona kitu kinatupwa. Siku hiyo mezani kulikuwa na matembele.

"Wifi," nikamwambia, "haya matembele mbona yana sabuni?"

"Sabuni iko kichwani kwako. Mbona mimi siisikii?"

"Unayamwagilia nini?"

"Maji ya kufulia. Wewe ulikuwa unayamwaga huko nyuma kwenye mawe, unanywesha mawe! Kwetu ungepigwa. Mimi nayabeba mpaka bustanini, na tunakula."

Mwalimu aliacha kutafuna. Mimi pia. Nyumba yetu iko Kirumba, upande wa kilima, na nyuma yake ni jabali tupu. Tulipokuwa tunajenga, mafundi walitaka kushindilia ardhini kile chuma cha ethi, kinachopeleka chini umeme unaovuja, wakapiga nyundo mpaka jioni. Jabali halikuwaelewa. Mwishowe walikikata kifupi, wakakizika kwenye ufa wenye udongo kidogo, wakaniambia, "Mama, hapa pawe na unyevu." Nikaweka jiwe la kufulia hapo hapo, nikawa namwaga maji ya nguo kila siku, mwaka hadi mwaka, mpaka nikasahau kwamba kulikuwa na sababu. Kisha nikaugua, wifi akashika beseni, na kiangazi kikaukausha ule ufa, umeme ukakosa njia ya kushuka.

Hatukumaliza kula. Mwalimu alibeba ndoo, wifi ndoo, wakamimina pale mpaka udongo ukakataa kunywa. Wifi alikuwa anasonya kwa kila ndoo, anaihesabia matembele yake. Tukaingia chumbani. Mwalimu akagusa kasha, halikumtekenya. Akavaa hedifoni, akainua kidole tunyamaze, akasikiliza. Uso wake ulifunguka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu siku ya daktari.

"Kimya," akasema. "Mama, kimya kabisa. Imba."

Niliimba ubeti wa kwanza. Alikuwa anatabasamu, mikono yote miwili hewani. Kwenye ubeti wa pili akainamisha kichwa. Akanisimamisha.

"Kuna kitu kinapiga mluzi."

Akachungulia dirishani. Akakaza waya wa maiki. Akakivuta kiti changu, akakitikisa kusikia kama kinalia, akanipa stuli. "Imba tena." Nikaimba. "Bado. Mluzi mwembamba, unakuja unaondoka. Labda upepo unapita chini ya mlango." Akapiga magoti, akaziba chini ya mlango kwa kanga yangu. Akamwambia wifi asipike, isije ikawa birika. Alikuwa na bidii ileile ya friji na feni, mtu wa umri wake amepiga magoti sakafuni, na mimi nimekaa kwenye stuli namtazama kisogo.

Nilikuwa naujua ule mluzi. Nilikuwa nimeusikia miezi kadhaa, usiku nikilala chali, ndiyo maana nikawa nalala kwa mito mitatu na kumwambia mgongo unaniuma. Kwenye ngazi za mawe za kupanda kwetu nilikuwa nasimama katikati, nakaa kama mtu anayelitazama ziwa. Nani wa Mwanza anasimama kulitazama ziwa? Goita ilikuwa imeanza kuibana njia ya hewa. Daktari aliponiuliza kama napumua vizuri, aliuliza akijua.

"Mwalimu," nikasema. "Inuka. Ni mimi."

Hakuelewa. Nikavuta pumzi mbele ya maiki, polepole, bila kuimba. Hedifoni zilikuwa bado masikioni mwake. Aliusikia. Nikavuta nyingine. Alikaa pale pale sakafuni, mgongo mlangoni, akazivua.

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliinuka, akarudi kwenye kompyuta kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda. "Hii naweza kuitoa," akasema. Akaukuza ule wimbo kwenye kioo, akaanza kuzikata pumzi zangu moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Kila aliyoikata aliirudia kusikiliza kama imebaki. Alipomaliza alinivisha hedifoni.

Ilikuwa nzuri. Sijawahi kujisikia vile, sauti imenyooka, hakuna mngurumo, hakuna mluzi, hakuna korongo. Nikaisikiliza mpaka mwisho. Na kwa sababu hedifoni zilikuwa zimeziba masikio, huku ndani ya shingo yangu nilisikia pumzi zenyewe zikipita kwa shida, zote alizozifuta, hata moja haikupungua. Hapo nikaogopa kingine, kikubwa kuliko kupoteza sauti.

"Piga hospitali," nikamwambia. "Uliza kama wanaweza kunichukua mapema."

Tulirekodi alasiri ile na asubuhi iliyofuata, nyimbo tulizoweza, wifi akimwaga maji yake kwenye ufa bila kuulizwa. Nyingi zilibaki bila kurekodiwa. Kisha nikaenda kupasuliwa.

Sauti ilirudi nusu. Ya kuongea ipo, ina mikwaruzo, wateja sokoni wananipa pole wakidhani nina mafua. Ya kuimba ikipanda kidogo tu inakatika. Nililia sana kwa hilo, na bado kuna Jumapili nalia. Lakini napanda ngazi za kwetu bila kusimama, na nalala kwa mto mmoja.

Mwalimu aligawa zile nyimbo kwenye simu za wanawake wa sauti ya pili, akiwa amezikata pumzi zote, akinuia kunipa heshima. Walijifunza vizuri. Siku ya mazoezi nilikaa benchi la nyuma niwasikilize. Walianza wimbo wa Pasaka, ubeti wa kwanza ukaenda sawa, kwenye wa pili nyuso zikaanza kubadilika, mmoja akashika kiuno, mwingine akanyamaza, na yule mdogo kuliko wote akaishiwa kabisa, akacheka, akakaa chini. Mwalimu akasimamisha. Hakujua kasoro iko wapi.

Yule mdogo akanigeukia. "Mama, shikamoo, tusamehe. Tumesikiliza sana kwenye simu. Hatusikii mahali unapopumua. Tunajaribu kuimba kama wewe, tunashindwa."

Mwalimu aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Mimi nilisimama. Sikuweza kuwaimbia, kwa hiyo nilikwenda mbele yao, nikaweka kiganja kifuani ili waone, wakaanza tena, na kila palipohitajika hewa nilikiinua kifua changu mbele yao na kuivuta kwa nguvu, wasikie. Walipofika mwisho nikawaambia kwa hii sauti iliyobaki, "Msimfuate yule wa kwenye simu. Yule alikuwa anakufa. Ninyi pumueni."