Maziwa Hayafiki Kifuani

Mwanangu Simiyu, siku hizi nikikaa nje baada ya chai, usingizi hunijia polepole, na kabla haujanibeba kabisa mimi husikia mashine. Si mashine zako za hapa Kitale. Ni kile kisiagi cha Mama Nasimiyu, kinu cha kusaga mahindi kule Kabuchai, nilikofanya kazi nikiwa kijana, sina mke, sina hata ndevu za maana. Sijui kwa nini hunijia kikiwa kizuri vile. Labda ni ule mwanga.

Maana kulikuwa na mwanga, wee! Jioni jua liliingia kwa dirisha moja tu, na vumbi la unga likaelea ndani yake, jeupe, kama halijui litue wapi. Kope zetu nyeupe, nywele nyeupe, tukafanana na wazee tungali wadogo. Rafiki yangu Wafula ndiye aliyemimina mahindi kwenye mashine, na aliimba juu ya kelele yote ile. Mimi nilikinga unga kwenye gunia nikihisi kama niko ndotoni. Sauti nzito ya Wafula ndiyo iliyobeba kwaya ya kanisa letu. Akiimba, hata watoto wachanga walinyamaza.

Mashine ikizimwa, Mama Nasimiyu alikuja na sufuria la maziwa moto. Alikuwa mjane, kisiagi ameachiwa na mumewe, na sisi vijana wake wachache alitulea kama wa tumbo lake. "Kunyweni, yaoshe kifua," alisema, akasimama hapo hapo mpaka kikombe kiishe. Kwetu kila mtu aliamini kwamba maziwa huteremsha vumbi. Usinicheke! Hata leo ukienda kwa mafundi wa rangi hapo mjini utawakuta na paketi zao za maziwa, wameridhika kabisa.

Baadaye Wafula akaanza kukohoa. Ni baridi ya mlima, tukasema. Mama akamtafutia kikombe kikubwa kuliko vyetu, nasi tukamwonea wivu. Ndiyo, wivu, kwa kikombe cha mgonjwa.

Jumapili moja Wafula alianzisha wimbo kanisani. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Katikati ya wa pili sauti ikakatika. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, mkono uko kifuani, macho yananitafuta mimi. Waumini wakaendelea bila yeye, wakidhani amesahau maneno. Niliogopa, mwanangu. Mama Nasimiyu alikuwa ameketi mbele na akina mama wenzake, na nikaona analia.

Kesho yake tulimpeleka Bungoma mjini. Daktari alimsikiliza mgongoni muda mrefu, kisha akamuuliza Mama, "Vumbi hilo lote, mnajikinga na nini?"

"Nawapa maziwa kila siku," Mama akajibu kwa fahari. "Tena mazito."

Daktari hakucheka. "Mama, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linaenda kwenye mapafu. Hayakutani kamwe." Akamwambia pia kwamba Wafula akizidi kulivuta vumbi lile, pumzi yake haitarudi, na kuimba asahau.

Tukarudi Kabuchai. Tulikuta watu wamepanga foleni na mahindi yao, wengine wametoka mbali. Mama akasimama mlangoni akawaambia leo hakuna kusaga, wala kesho, mpaka fundi aje. Watu wakanung'unika, ati mama huyu amerogwa. Mimi nami, kwa ujuaji wangu, nikamnong'oneza, "Mama, mambo ya kukinga wafanyakazi si ni ya makampuni makubwa? Sisi ni watu wachache tu."

Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Kampuni kubwa Wafula akianguka, wataandika mwingine kesho," alisema. "Mimi Wafula nitamtoa wapi mwingine?"

Nikaenda mlangoni, nikawasaidia watu kujitwika mahindi yao warudi nayo.

Fundi akaja, akafunga mfuko wa kitambaa kizito kwenye mashine, vumbi likabaki humo. Ukuta wa pili ukatobolewa dirisha, upepo ukapata njia. Tukakatazwa kufagia sakafu kavu, ikawa ni kunyunyiza maji kwanza. Tukafunikwa pua, na kila mwaka tukapelekwa kupimwa kifua, hata asiyekohoa. Wafula akahamishiwa nje kupima mahindi. Ule mwanga wangu mzuri nao ukaisha, jioni ikawa jioni tu. Maziwa Mama hakuacha kutupa, ila sasa tulikunywa kwa sababu ni matamu.

Pumzi ya Wafula ilirudi, lakini si yote. Bado anaimba, mzee mwenzangu. Akifika ubeti wa mwisho huketi kwanza, na kanisa zima humngoja, hata mchungaji.

Nakuambia haya kwa sababu ya juzi, nilipokuja kuona kiwanda chako cha chakula cha kuku. Nilimwona yule msichana wa Cheptais, Chebet, akichanganya pumba huku akiimba kidogo kidogo, kope zake nyeupe, jua likimwangaza kwa dirisha. Ilikuwa nzuri, na moyo ukanishtuka. Nilipokuuliza vumbi utalifanyaje, ukasema, "Baba, tukikua tutaweka mambo hayo." Halafu ukanifungulia friji kwa furaha, unionyeshe maziwa unayowanunulia.

Najua unawapenda. Mama Nasimiyu naye alitupenda. Lakini anza pale vumbi linapozaliwa, mwanangu: funika mashine, toboa ukuta, lowesha sakafu, ndipo uwape barakoa. Wapeleke wapimwe wakiwa bado wazima, na usiwakate mshahara wa siku hiyo. Usingoje kukua, kwa maana kiwanda kidogo hakina mtu wa akiba. Na uwe na sikio. Aliyezoea kuimba akinyamaza, zima mashine umuulize.

Basi Mungu akubarikie mikono, akupe wafanyakazi watakaozeeka na meno yao na pumzi yao. Na siku Chebet atakaposimama kuimba kanisani kwao, afike ubeti wa mwisho bila kungojwa na mtu.