Udongo wa Kwanza wa Baba

Baba alifariki Masisi, juu milimani, nami nilikuwa Mubi, chini msituni, ambako niliolewa na ambako nauza vitenge. Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu asubuhi, nikiwa nafungua duka.

"Dada, Papa alisha tuacha," akasema. Kisha, kabla sijapata hata nafasi ya kulia: "Bazee banasema tutakungoja. Wewe njo utatupa udongo ya kwanza. Lakini kesho kutwa saa sita, haiwezi kupita pale."

Kwetu, kaburi la mzazi halifunikwi mpaka mzaliwa wa kwanza atupe udongo wa kwanza, awe mwanamume au mwanamke. Akiwa mbali, anangojwa. Akishindwa kabisa, yeye mwenyewe ndiye hutoa ruhusa, kwa mdomo wake, mdogo wake amfanyie. Bila neno lake hakuna anayethubutu kugusa chepe. Baba alipenda kunichokoza na jambo hilo. Nikiwa msichana, nikikataa kwenda kupanda maharage, alikuwa akisema mbele ya wageni: "Mutaona huyu. Siku ya kunizika atasema mugongo inamuuma." Watu wanacheka, mimi nanuna. Nilikuwa mwepesi wa kununa, na sijabadilika sana.

Nilifunga duka bila kuhesabu wala kupanga chochote. Wenye haraka hupanda pikipiki, lakini pikipiki iliwahi kuniangusha ikanivunja nyonga, na tangu hapo siwezi kukaa juu yake, wala kutembea mwendo mrefu. Nilibakiwa na lori. Nikapata moja lililobeba mafuta ya mawese, linapanda Masisi kupitia Walikale, na dereva akanionea huruma akaniweka mbele, kati yake na mama mmoja mwenye mtoto mchanga.

Dereva alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ulinichosha kabla hatujafika mbali. Kila nilipomuuliza tumebakiza kiasi gani, jibu lilikuwa lile lile: "Tunafika, Mama." Tulikuwa hatujatoka hata kwenye miti mikubwa, tunafika. Tunashuka kwenye kizuizi, tunaonyesha kadi za uchaguzi, tunapanda tena, tunafika. Wanaosafiri njia ile wanajua neno hilo halina maana yoyote ila kwamba gurudumu bado linazunguka. Mimi siku ile nililishika kama ahadi. Nilimwambia mwenye mtoto kwamba mchana wa kesho nitakuwa nyumbani, nitaoga, nitavaa kitenge safi, nitamzika baba yangu vizuri.

Mvua ilitukuta msituni. Haikuwa mvua ya ajabu, ni ile ile inayonyesha siku zote huko chini. Ila barabara ile haina haja ya mvua ya ajabu. Kabla ya jioni tulikuta lori lingine limezama mbele yetu mpaka kwenye ekseli, katikati ya shimo refu la tope, kulia ukingo, kushoto ukingo, hakuna pa kupita. Nyuma yetu yakaja mengine. Abiria walishuka, wakakata majani ya kulalia, wakawasha moto, wakaanza kumenya ndizi. Hakuna aliyelalamika. Wengine walifahamiana kutokana na matope ya zamani, wakaulizana habari za watoto.

Utulivu wao ulinitia hasira. Nilitaka mtu apige kelele pamoja nami. Nilimkasirikia dereva, nikamkasirikia yule aliyezamisha lori lake, nikaikasirikia nyonga yangu. Nilimkasirikia hata Baba, kwa kufa msimu wa mvua wakati alijua kabisa nimeolewa wapi.

Kesho yake tulishinda pale. Wanaume waliingia shimoni kwa zamu, wengine na mabeseni wakichota maji, wengine na chepe wakitoa tope na kulitupa porini, ili wafike kwenye ardhi ngumu na kutandika magogo. Wakitoa, linarudi. Nami nilikaa juu ya jiwe na nyonga yangu, nikiwatazama. Nilijaribu kuwachotea maji kwa sufuria, nikateleza, wakanishika, wakanirudisha kwenye jiwe.

Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwa inapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kando ya barabara, na watu walipanga foleni hapo wakiinua simu juu. Asubuhi ya siku ya maziko nilipanda nikampigia mdogo wangu.

"Uko wapi?" akauliza.

"Tuko ku tope. Ile ile ya jana."

"Dada, bazee banauliza tufanye nini."

"Bangoje."

"Lakini saa sita..."

"Nimesema bangoje! Niko nakuya!"

Nikakata. Watu kwenye foleni waliangalia pembeni. Nilijua kwamba sikuwa nakuja. Lori lilikuwa pale pale, na hata kama lingetoka dakika ile, milima ilikuwa bado yote mbele yetu. Lakini neno la kuruhusu lilikuwa langu, nami nilijiambia kwamba nisipolisema, Baba hatafunikwa, na asipofunikwa, bado naweza kufika. Nililishikilia neno hilo kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushikilia.

Sikushuka kwenye kichuguu. Simu ikalia mkononi mwangu, namba ya mdogo wangu. Nilipokea nikiwa tayari kugombana, lakini ilikuwa sauti ya Mama.

"Mutoto wangu."

"Mama, nitafika. Bangoje tu kidogo."

"Najua utafika." Nilisikia watu wakiimba nyimbo za kanisa nyuma yake, kwa mbali kuliko inavyotakiwa kwenye nyumba ya kilio. "Jua ya jana ilikuwa mingi," akasema. "Tuliweka majani, tulifanya yote. Papa yako ananuka, mwanangu. Batu banasogea mbali naye. Na yeye hakupendaka batu bamukimbie."

Nilitazama lori letu pale chini.

"Mimi siwezi kusema pa nafasi yako," akasema Mama. "Kama ingewezekana ningesema. Sema wewe."

Nikasema: "Mumufunike."

"Asante," akasema, kama vile nimempa kitu. Akakata.

Nilishuka kwenye kichuguu kwa makalio, kwa sababu ya nyonga. Sikulia. Nilikuwa naangalia saa kwenye simu. Ilipofika saa sita niliinuka, nikaenda mpaka ukingoni mwa shimo, ambako wanaume walikuwa wamepumzika kidogo, chepe moja imesimikwa ardhini. Nikaichomoa, nikachota udongo mkavu wa pale juu, nikautupa ndani. Nikachota tena, nikatupa.

"Mama! Mama!" dereva alipiga kelele kutoka ng'ambo. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. "Hapana tupa mule! Tuko natosha tope, wewe uko narudisha!"

Sikuacha. Kijana mmoja akaja kuninyang'anya chepe, na hapo yule mama mwenye mtoto mchanga, ambaye nilikuwa nimemsimulia kila kitu njiani, akamshika mkono. "Muache," akasema. "Baba yake iko nazikwa sasa hivi."

Dereva akavua kofia. Wengine nao wakavua, wakasimama na miguu yao ya matope, huku walioko shimoni wakitoka mmoja mmoja na kunipisha. Mtu fulani upande wa pili akaanza Baba Yetu, wakamfuata. Nilitupa udongo mpaka mikono ikachoka, na nilipoweka chepe chini nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Yule mama alinishika mabega akanirudisha kwenye jiwe langu.

Walingoja kidogo kwa heshima. Kisha dereva akaja, kofia bado mkononi, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, pole sana. Tunaomba ruhusa."

Sikumwelewa. Akaonyesha shimo kwa kidevu. Nikaangalia udongo niliomtupia baba yangu, umekaa juu ya tope, mwekundu, mkavu, mwingi kuliko nilivyodhani. Lilikuwa neno la pili kuombwa siku ile, nami sikuwa na nguvu za kukataa.

"Mutoshe," nikasema, yaani wautoe.

Wakaingia wakautoa. Walifanya taratibu, na hakuna aliyetania, lakini waliutoa wote kwa chepe na kuutupa porini pamoja na tope lingine, kwa sababu gari lilikuwa lazima lipite.

Tulipita siku iliyofuata. Masisi nilifika baada ya hapo, kwa baridi ile ya juu inayokupokea kabla hujaona nyumba, nikakuta kilio kimekwisha. Walikuwa wamenyoa vichwa, wamefagia uwanja, masufuria yaliyoazimwa kwa majirani yalikuwa yanarudishwa. Shangazi alikuwa anasimulia kisa cha Baba na mbuzi wa jirani, na watu wanacheka, Mama pia anacheka, kichwa chake kidogo bila nywele. Waliponiona wakainuka wote, wakaniletea kiti na maji ya kunawa, kama mgeni aliyetoka mbali. Mdogo wangu akaniuliza njia ilikuwaje.

Nilitaka kumjibu, lakini kilio kikanitoka pale pale kwenye kiti. Wakatazamana. Walikuwa wamemaliza wao, wote pamoja, na hakuna aliyekuwa na machozi ya kunisindikiza. Mama alinisogelea, akakaa chini karibu na miguu yangu, akangoja nimalize peke yangu.