Kichwa Kilichonyolewa Nusu

Mwanangu wa pili ni kinyozi. Mimi nashona nguo ng'ambo ya njia nyembamba, kwa hiyo nikiinua macho kwenye cherehani namwona mgongo. Tangu aache kubeti nayainua mno. Juzi nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la mtu.

Simu yake sasa ni ndogo, haina intaneti, na mshahara wake napokea mimi. Nikadhani tumeziba matundu yote. Kumbe tundu kubwa lilikuwa jina lake: Mtabiri. Ndivyo wanavyomwita tangu enzi alipokuwa akibashiri mechi, hata siku alizokosea.

Jumamosi, mechi kubwa ikikaribia, fundi bomba aliketi kwenye kiti cha mwanangu.

"Mtabiri, leo nani anapigwa?"

"Sijui, kaka. Inamisha kichwa."

"Hujui? Jamani, mganga kasahau tunguri zake!"

Waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko.

"Hela yangu, mkeka wangu wa kubeti," fundi bomba akaendelea. "Wewe sema tu."

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Nilijipa moyo: hela si yake, neno tupu litamfanya nini? Kisha nikaona mkono wake. Mashine ilikuwa inanguruma lakini haigusi nywele. Ameganda, na kwenye kioo midomo inachezacheza. Nimemzaa, namjua. Alikuwa anapanga wachezaji, majeruhi, magoli.

"Sema basi, bwana!"

Akazima mashine, akaiweka taratibu, akavuka njia na aproni yake kiunoni.

"Mama, twende."

"Twende wapi? Umemwacha mtu nusu kichwa!"

"Nilikuwa nayo timu mdomoni, mama. Nikiitamka, nitataka kujua kama nimepatia. Na nikipatia..."

Kazi ile niliibembeleza mimi kwa bosi wake, nusura nipige magoti. Ulimi uliniwasha nimwambie arudi. Badala yake nikafunga mlango, gauni la watu likibaki chini ya sindano.

Tulishika njia ya nyuma, penye maghala, kusiko na televisheni. Alitembea kama anafukuzwa, mimi nyuma nahema. Hatukufika mbali simu yangu ikalia. Bosi wake.

"Mama, mwanao kaniachia mtu ana kichwa kama shamba lililoishiwa mbegu! Nimwambieje?"

Nikamtazama mwanangu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na upepo ulikuwa unavuma.

"Mmalizie wewe, baba. Huyu atarudi mechi ikiisha."

"Na nisipotaka arudi?"

Mwanangu alikuwa amesimama, ananisikiliza.

"Basi nitakuja kuchukua vitu vyake," nikasema, nikakata simu.

Tukaendelea kutembea.